Korongo wa Rangel

Mvua ilimnyeshea korongo kutwa nzima, naye hakutikisa hata unyoya. Chini ya mlingoti wake watu walimsifu kwa ustahimilivu.

Rangel, mlinzi wa hifadhi ya ndege kwenye kinamasi kando ya mto Maritsa, katikati ya mji, alitulia kama maji mtungini. Korongo yule alimchonga mwenyewe kwa mbao za kabati kuukuu, akampaka rangi na kumpandisha kwenye kiota kitupu, awavute wenzake wanaorudi kutoka kusini. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akimsubiri korongo mmoja tu wa kweli. Na mwaka huu diwani Bozhkov alikuwa ametangaza kwamba kinamasi kisicho na korongo ni dimbwi tu, na dimbwi hufukiwa, pakaegeshwa magari.

Lakini wa kwanza kunaswa walikuwa watu. Sisi Wabulgaria, uzi mwekundu na mweupe tunaoufunga mkononi Machi mosi hatuufungui mpaka tumwone korongo, na nani anapenda kuzunguka na uzi uliochakaa hadi Aprili? Ukaja mtaa mzima. Wakafungua nyuzi, wakazitundika kwenye mti uliochanua, wakanong'ona maombi yao. Bibi Tsonka, muuza mbegu za alizeti pale langoni, aliomba mjukuu.

Rangel alitaka kusema ukweli. Kila siku alitaka, na kila siku umati uliongezeka, naye akaona haya.

Hatimaye akaja diwani mwenyewe na wapiga picha wake. Akaufungua uzi, akaapa kwamba maadamu korongo yupo, kinamasi hakiguswi. Watu wakapiga makofi. Rangel alikaribia kulia kwa furaha.

Ndipo kivuli kikapita juu ya vichwa vyao. Korongo wa kweli, mkubwa, miguu myekundu, akatua kiotani, akamkagua mwenyeji wake, kisha akaanza kumdonoa. Kichwa cha mbao kikalegea.

"Jamani, mvamizi huyo," alisema Bibi Tsonka. "Anamwonea wetu, maskini, mpole hata kujitetea hajui."

Diwani akamgeukia Rangel. "Mzee, mlinzi si wewe? Utamwacha auawe mbele ya kamera?"

Wote wakamtazama. Rangel akamtazama ndege aliyemsubiri tangu ujana wake, machozi yakamlengalenga.

Kisha akainama, akaokota jiwe, akalenga kwa makini asije akampata wa mbao.