Gari la Msiba Halina Nauli

"Lieni," Urbani aliwaambia wanawe, na yeye mwenyewe akavua kofia na kukunja uso.

Stephano, mwenye miaka kumi, alianza vizuri. Mdogo wake Eunice alicheka, akafinywa na mama yake, akalia kweli. Lori lililofungwa matawi mabichi mbele lilipunguza mwendo pale njia panda ya kutoka Mbinga. Watu waliolizunguka jeneza walisogea, na familia nzima ikapanda bila kuulizwa nauli.

Safari hii Urbani alikuwa ameipigia hesabu kwa miezi. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia kijijini kwao Mpepai na mizani yao, watu wakashika pesa mkononi, na habari zikafika kwamba Masoudi, mfanyabiashara wa Ngumbo, ameweka ufukweni bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao. Urbani akawaahidi watoto siku mbili za ziwa, samaki na farasi. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko mfuko, kwa hiyo alibana. Chai ikanywewa bila sukari. Betri za redio hazikununuliwa tangu Pasaka. Kulala kungekuwa bure kwa dada yake wa pekee, Gertruda, mjane asiye na mtoto aliyeolewa huko ziwani. Kwake hakuwa amefika hata siku moja. Walionana mara ya mwisho kwenye mazishi ya mama yao, miaka tisa nyuma. Hakumwandikia kwamba wanakuja, maana stempu nayo ni pesa. Ilibaki nauli, na nauli ya watu wanne ingemeza farasi wote. Ndipo aliposikia kwamba kuna mwili unatolewa hospitali ya Mbinga kupelekwa Ngumbo siku hiyo hiyo waliyopanga kusafiri.

"Mlisikia redioni?" aliuliza mzee aliyekaa kichwani mwa jeneza. Aliitwa Damiano, mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimamia safari.

"Shikamoo, mzee. Tulisikia."

"Marahaba. Tulitangaza mara tatu. Na wewe ni nani wa marehemu?"

Swali hilo Urbani hakuwa amelipangia jibu. Msalaba ulikuwa bado haujaandikwa, na mfiwa haulizi aliyekufa ni nani.

"Ndugu," alisema.

"Wa ukoo, au wa tumbo moja?"

Wa ukoo angetakiwa kuutaja ukoo. "Wa tumbo moja," alijibu, na kabla hajaulizwa jina alijifunika kofia usoni akalia kwa sauti. Mkewe Tadea alimtazama kama mtu anayemwona mumewe akiuza shamba, kisha naye akakipokea kilio. Kwa kulia, Tadea alikuwa fundi. Wanawake wengine walinyamaza kidogo wamsikilize.

Walimhamishia karibu na jeneza, wakamshikisha mfuniko usitikisike kwenye makorongo. Kila mmoja alimpa pole, na kila pole ilimwongezea mzigo. Mzee Damiano alimsimulia jinsi marehemu alivyoanza na kikapu kimoja cha usipa, wale dagaa wa ziwani, hadi kumiliki mitumbwi miwili na kuajiri wavuvi. Urbani alijichorea kichwani mzee mnene mwenye ndevu, akaanza kumsikitikia hivyo hivyo bila kumjua.

"Alikuwa akiwataja sana ninyi," Damiano alisema. "Ndugu zangu watakuja tu, anasema. Chumba cha wageni alikuwa akikifagia kila Jumamosi."

Urbani aliona aibu kwa niaba ya huyo ndugu, popote alipo. Mtu gani huyo asiyefika kumjulia hali mtu wake? Aliinamisha kichwa, na safari hii chozi lilitoka bila kuitwa.

Lori lilimaliza kuteremka milima, ziwa likafunguka mbele yao, watoto wakasahau kulia. Ufukweni, nyuma ya duka la Masoudi, farasi walikuwa wanazunguka. Walikuwa wekundu na weupe, wenye mikia ya katani, na juu yao watoto wa watu wakipiga kelele.

"Baba, tumefika," Eunice alisema, akisimama.

"Kaa chini."

"Baba, farasi ndio wale."

Pesa za farasi alikuwa nazo, zimekunjwa ndani ya soksi. Angegonga paa la kichwa cha lori mara moja tu, dereva angesimama. Lakini ndugu wa tumbo moja hashuki njiani akapande bembea. Alimshika mwanawe mkono, akawaacha farasi wapite, na moyo ulimuuma vibaya. Eunice alilia bila kufinywa na mtu.

Alijipa moyo. Wakishazika watachomoka kimya kimya, wataulizia kwa Gertruda, naye atahadithiwa mkasa wote. Kwa vicheko vya dada yake, hata majirani wangetoka kuuliza kuna nini.

Lori liliingia kwenye uwanja uliofagiwa vizuri. Wanawake waliokaa kwenye mikeka walisimama. Jeneza lilishushwa, likawekwa juu ya viti viwili, mfuniko ukafunguliwa kwa heshima za mwisho.

"Wa tumbo moja atangulie," alisema Mzee Damiano.

Watu walimpisha. Urbani alitafuta pa kukimbilia, hakupaona. Alisogea mbele pamoja na mkewe, akainama, akafumba macho ili sura ya mtu asiyemjua isimfuate hadi nyumbani. Alikusudia kuhesabu hadi kumi. Kando yake Tadea alikuwa akilia kwa ufundi wake wote. Alipofika sita, kilio kilikatika.

"Baba Stephano," Tadea alisema taratibu. "Fumbua macho. Ni wifi."