Sufuria Juu ya Intaneti

Televisheni ya Bi Msimu ilikuwa kongwe hata mjusi aliyezaliwa ndani yake alishapata vitukuu. Lakini ndimo alimobaki marehemu mwanawe, Kibibi. Kila taarabu ya zamani aliyorekodiwa akiimba iliporudiwa hewani, Kibibi alitokeza mbele ya waitikiaji akaimba ubeti mmoja peke yake. Tangu kisanduku cha intaneti kiingie nyumbani, kila akifunua kinywa uso wake ulimeguka vipande vipande.

“Mchawi wako huyu hapa,” alisema Fundi Shaame, akikigonga kisanduku. “Anagombana na antena. Hata ukimfunika sufuria atanyamaza, ila na simu ya Raya haitaingia.”

Raya, binti pekee aliyebaki, alikuwa hospitali ya ughaibuni. Alasiri hiyo hiyo angepasuliwa moyo, na alishaahidi kupiga kwa intaneti kabla hajaingizwa.

Fidla zikaanza kulia kwenye televisheni. Bi Msimu akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya pilau, akakifunika kisanduku gubigubi. Vipande vikaungana. Kibibi akasimama mzima, mkufu shingoni.

“Mama! Nilikuwa natania!” Shaame alimaka. “Mwanao anaingia kwenye kisu sasa hivi!”

“Raya yu hai, Shaame. Aliye hai husubiri.”

Kibibi akavuta pumzi aimbe. Mama yake, macho hayabanduki kwenye kioo, alikikandamiza kitako cha sufuria kwa mikono miwili, kama anayezuia uji usifurike.