Simu Isiyoogopa Baridi

Kidole cha Eliaichi kilining'inia juu ya neno "Futa". Alikaa, akasimama, akakaa tena.

Wasomaji wa tovuti yake walikuwa wamemjia juu kwa makala yake ya kuisifu simu mpya: umehongwa wewe, hilo ni tangazo tu! Hao aliwafuta kama anayefukuza nzi. Ujumbe wa mpagazi mmoja wa mlimani ndio uliomkaba: "Ulisema simu hii haiogopi baridi. Ilinizimikia huko juu, mgeni akiwa amezidiwa."

Aliitazama simu aliyopewa na wenye tangazo. Nailoni ya dukani hata hajaibandua.

Kidole kikashuka. Ujumbe ukatoweka.

"Mwanangu," mama aliita kutoka zizini, "baba yako keshapandisha wageni mlimani. Redio ya mawasiliano kaiacha mezani. Anasema simu uliyoisifu inamtosha."