Kidole cha Bibi Nyamizi

Siku hizi wimbo wa zamani haupigwi redioni bila kidole gumba cha mtu aliye hai aliyeucheza ulipotoka. Redio yetu ya masafa ya kati imebakiwa na shahidi mmoja, bibi yangu Nyamizi. Nyimbo zikiwa chini ya kumi, mnara unazimwa. Tunazo tisa, na mwisho ni leo saa sita mchana. Mimi mtangazaji, kazi yangu inaning'inia kwenye kidole chenye utomvu wa mihogo.

"Huo wa kumi siuwekei kidole," akasema Bibi, huku akimenya.

"Bibi, si ulishinda kitenge kwa kuucheza ukumbini?"

"Na babu yako akamsalimu Zuhura, mke mwenzangu, kwa wimbo huohuo redioni. Kadi ya salamu ikasomwa nchi nzima."

"Zuhura si marehemu?"

"Kwa hiyo?"

Nilibembeleza hadi mate yakanikauka. Zilipobaki dakika tano akafuta mikono, akabonyeza kifaa cha alama za vidole, kwa sharti kwamba nisome salamu zake kwanza.

Nikazisoma hewani kwa simu: "Salamu zimwendee Zuhura, popote alipo. Ujumbe: ukumbi mzima nimebaki mimi."

Wimbo ukaanza. Kifaa kikauliza jina la shahidi wa akiba. Nikapaacha wazi.