Jiwe la Mlangoni

Kijiji chetu hakina mnara wa kumbukumbu ya vita. Mwaka 1914 vijana kumi na mmoja walikwenda vitani Ufaransa, wote wakarudi. Tumejivunia hilo mpaka tukaliandika kwenye kibao cha barabarani.

Jumanne niling'oa jiwe la kizingiti cha kanisa, lililopasuka. Upande wa chini lilikuwa na maandishi.

"Soma basi, fundi, mbona unalikodolea macho?" alisema bibi mtunza funguo, kikombe cha chai mkononi.

"Edwin, miaka kumi na tisa. Alipigwa risasi na askari wenzake kwa kukimbia vita."

Chai ikamwagikia viatu vyake.

"Mama yangu hakulikanyaga hata siku moja. Alikuwa akiliruka, nasi tukimcheka."

"Nilirudishe kifudifudi?"

"Thubutu! Lisimamishe. Kisha nenda kang'oe kile kibao; walikwenda kumi na wawili."