Kitanda Kisicholaliwa

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hata mkunjo hakina. Mkaguzi akapitisha kidole juu ya jiko. Kikarudi na vumbi.

"Hapa halali mtu," alisema.

Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni na funguo zake, akatazama dari.

Loo, mkaguzi alikuwa amechoka kuzungushwa! Serikali iliwalipa wageni kutoka nchi za nje waliohitimu chuo cha mji huu ili wabaki kufanya kazi hapahapa, maana vijana wa mji wenyewe walikuwa wamehama karibu wote. Sharti lilikuwa moja tu: uishi ulipopangiwa. Na huyu binti, aliyesomea kuwanyoosha viungo wagonjwa, kila akija kumkagua hayupo. Fedha anakula, kuishi haishi! Leo angemfutia malipo, afungashe virago arudi kwao.

"Yuko kazini," alisema mama mwenye nyumba.

"Hospitali wanasema zamu yake iliisha jana jioni."

"Basi ametoka kidogo."

"Kidogo! Mama, usinifanye mtoto. Saa nzima kwenye basi, kila mara, nije kutazama godoro? Analala wapi?"

Mama yule alimkazia macho.

"Kwa mzee mmoja aliyepooza upande. Hana mtu. Binti anamgeuza usiku, asubuhi anamfanyisha mazoezi. Halipwi hata senti. Nyumba ya mwisho, yenye geti la bluu."

Mkaguzi alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena.

"Nani kasema hana mtu?"

"Nenda ukaone mwenyewe. Hutapotea."

Alitoka bila kuaga, akakata nyuma ya karakana ya seremala, akiruka mtaro. Sharti ni sharti, alijiambia. Ukimhurumia mmoja, kesho wote watalala wanakotaka, na lawama zitamwangukia nani? Yeye! Alitembea haraka, halafu polepole, halafu akasimama kabisa mbele ya geti. Alilisukuma akisubiri lilie. Halikulia. Mtu alikuwa amelipaka mafuta.

Alipobisha, mlango ulifunguliwa na mzee mwenyewe, amesimama kwa miguu yake miwili, mkono mmoja begani mwa msichana aliyevaa sare ya hospitali. Mkaguzi alikuwa ameandaa maneno makali tangu kituo cha basi. Sasa aliukumbatia mkoba tu kifuani.

Mzee naye alimtazama, asimwondolee macho.

"Unamfahamu, Babu?" binti aliuliza.

"Ni mwanangu."

Uso wa binti ukachanua. Akaupokea ule mkoba kwa mikono miwili.

"Karibu, kaka, karibu! Pole sana na safari! Babu ananiambia kila siku kwamba uko ng'ambo, mbali kuliko hata kwetu, ndiyo maana huwezi kuja kumwona."