Jino la Myron

Hapana, si panya. Panya gani wa kutoboa mti mgumu namna hii? Hilo ni jino, mjukuu wangu. Jino la Myron, mtoto wa dada yangu Olha. Lilimtoka hapahapa, kwenye kona ya hili kabati la mashine ya santuri, mkesha wa Krismasi yetu sisi Waukraine, ile ya Januari, na sisi wote tuna njaa, maana siku ile hatuli mpaka nyota ya kwanza itoke.

Ilikuwa hivi. Olha ana wavulana wawili. Taras mkubwa, anaimba. Myron mdogo, anapiga dramu. Muziki wao wa roki, ule wa kutetemesha madirisha. Miaka yote walipiga kwenye baa za hapa Hamilton, watu wanakunywa wala hawawatazami. Basi mwaka ulipoanza tu, gazeti la Toronto likaandika albamu zinazosubiriwa mwaka huo, na ya kwao imo. Olha alikikata kile kipande akakibandika kwenye friji, juu ya picha ya askofu.

Lakini amani hakuna. Myron alitaka nyimbo ziende polepole, nzito, kama treni ya chuma inayopanda kilima. Taras alitaka mbio. Huko studio waligombana mpaka viti vikavunjika. Myron alikuwa akimwambia kaka yake, "Wewe unaimba kama mtu anayekimbizwa na mbwa." Taras akashinda, maana ndiye mkubwa. Wakarekodi mbio.

Mkesha ule Taras akaja na santuri ya majaribio. Kiwandani hutoa moja kwanza, katikati ina karatasi nyeupe tupu, hata herufi hakuna. Wenyewe waisikilize. Wakikubali, zinatoka maelfu. Wakikataa, tarehe ya kutoka imekufa, na gazeti litasubiri wengine. Jibu lilitakiwa kesho yake.

Olha alikuwa anapiga santuri yake ya nyimbo za kanisa za Krismasi tangu asubuhi. Akatoa santuri yake, akaweka ya wanawe kwa mkono wake mwenyewe, maana hili kabati ni la marehemu mumewe na hataki mtu aliguse. Halafu akatia pirogi zake, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, kwenye maji ya moto. Wimbo wa kwanza alishausikia wakifanya mazoezi huko chini ya nyumba mpaka ameushika kichwani. Akasema ukiisha tu, pirogi zimeiva, nyota ya kwanza imetoka, tunakula.

Sindano ikashuka. Ikatoka sauti nene, kama fahali anayeota. Dramu zinaanguka mojamoja, puu, puu, kama magogo. Nikamtazama Taras, uso umemwiva kama supu yetu nyekundu ya bitiruti. Nikamtazama Myron, amefumba macho, machozi yanamtiririka, mtoto wa watu.

"Umefanya nini?" Taras akamuuliza, taratibu kabisa.

Myron hakujua kuficha kitu tangu utoto. Akasema kweli, alimpigia simu fundi wa studio, akamwomba aipunguze mwendo ile kanda. Fundi akakataa, na matusi juu.

"Kumbe alinisikia," akasema. "Hebu sikiliza, kaka. Sikiliza ilivyo nzuri."

Ngumi ilimkuta bado anatabasamu. Akaenda na mdomo mpaka kwenye hiyo kona, jino likabaki humo unamoona. Akatema damu kwenye zulia la mama yake, akanyanyuka na kiti, akamshushia Taras mgongoni. Wakaangukia mti wa Krismasi wote wawili, vigae vya mapambo vinawachana. Taras akamkaba koo. Myron akamng'ata sikio, wala hakuachia mpaka kipande kikamjia. Mimi nilijitia kuamua, nikala kiwiko cha pua. Olha anawatandika wote kwa upawa, hakuna anayesikia. Huko jikoni pirogi zimechemka mpaka zimepasuka, viazi vinaogelea, na wimbo bado unaburuza tu.

Taras akachomoka, akaliendea kabati. Anasema hii haitoki, anaivunja sasa hivi, na kesho anawaambia hapana. Myron akajiburuta, akashika ukingo wa kabati kwa mkono wa kulia.

"Vunja huu kwanza."

Huu mfuniko ni wa mti wa mwaloni. Umeuinua mwenyewe, umeona uzito wake. Taras akaubamiza kwa mikono miwili. Vile vidole vililia kama kuni kavu.

Sindano ikaruka, wimbo ukakatika. Myron alikaa chini anautazama mkono, na onyesho la kwanza la albamu lilikuwa mwezi wa tatu. Taras naye damu inamtoka sikioni, anahema tu.

Olha akachungulia dirishani. "Nyota imetoka," akasema. "Kaeni."

Tukakaa. Nani angebisha? Myron mkono umelazwa juu ya mfuko wa njegere za barafu, Taras amejifunga taulo la vyombo kichwani, mimi pamba puani. Olha akapakua uji ule wa pirogi, akawasha mshumaa. Halafu akasema kwa fujo zetu hakuusikia wimbo wa wanawe, na yeye anataka kuusikia. Akafungua kabati, akapangusa damu kwa aproni, akashusha sindano. Fahali akaanza tena.

"Ee, na mimi nami," akasema Olha. "Nimeiacha mashine kwenye mwendo wa polepole, ule wa nyimbo zangu za kanisa."

Akasukuma kitufe cha mwendo. Sauti ya Taras ikaruka kutoka kabatini, nyepesi, mbio, kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

Taras akachukua uma. Akachoma kipande cha pirogi, akakipuliza, akampelekea mdogo wake mdomoni, upande ule wenye meno.